Jumamosi ya Fahali na ya Mazishi

Wambui mwanangu,

Umeenda kuwaaga akina mama wa kanisa na umesema utarudi chakula kikiwa tayari. Nina kama saa mbili. Nimekaa kwenye meza ambayo mama yako alikuwa akisahihishia madaftari, nimesukuma kando chupa za dawa ya kupe, na nimechukua karatasi za dukani kwa sababu sikupata nyingine. Ukiona muhuri wa agroveti yetu ya mbegu na dawa za mifugo juu ya kila ukurasa, vumilia.

Mambo ya sweta, pasipoti na saa ya kufika uwanja wa ndege sitayagusa. Mwaka jana nilikuandikia ukurasa mzima wa hayo, ukafika Uhispania salama bila kuusoma. Niliukuta chini ya godoro lako. Hii naomba uisome, lakini si hapa nyumbani. Isome ukishakaa ndani ya ndege, mahali ambapo mimi siwezi kukukatiza.

Ninaandika kwa sababu juzi nilipita mlangoni kwako na begi lilikuwa wazi. Niliona cheti chako cha ubatizo, kile cha darasa la nane, na kadi yako ya kliniki ya utotoni, ile ya chanjo. Mtu anayekwenda kusoma mwaka mmoja kisha arudi habebi kadi ya kliniki. Nikaelewa. Wewe hukuniambia na mimi sikuuliza. Katika nyumba hii tumejua sana kunyamaza, na mimi ndiye mwalimu wa somo hilo.

Nianze na jambo unalolijua nusu.

Mama yako alipoanza kuumwa, mwezi wa nne, tulikuambia ni vidonda vya tumbo. Siku hiyo haukuwa uongo. Ndivyo na sisi tulivyodhani. Mwezi wa tano nikampeleka hospitali ya misheni kule Lugulu, kwa sababu mama mdogo wako Nanjala anaishi karibu na angeweza kumletea uji. Daktari akatukalisha chini, akatuambia ni saratani na imeshafika kwenye ini. Aliongea kwa upole na hakutuficha kwamba tulikuwa tumekaa na ugonjwa muda mrefu bila kujua. Tulipotoka nje mama yako akakaa kwenye benchi, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akasema, "Wambui ana mtihani mwezi wa saba."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi asiambiwe kwanza. Amalize."

Kwa hiyo mwanzoni tulikubaliana sisi wawili. Siandiki hivi ili kumgawia mama yako lawama. Ninaandika ili ujue mahali ambapo makubaliano yetu yaliishia na uamuzi wangu ukaanza, maana kinachofuata ni changu peke yangu.

Siku zile za kwanza alikuwa bado na simu yake. Ulikuwa umetuma ile video ya wewe na wenzako mkicheza barabarani usiku, watu wamekaa kwenye meza za nje wanakula kama vile ni mchana, hata vikongwe wapo. Mama yako aliitazama mpaka nikaanza kuuliza kama haimchoshi. Alimwonyesha muuguzi. "Mwone huyu, ni wangu. Mwone vile mguu wake unakosea halafu hajali." Muuguzi akauliza nani alikufundisha kucheza hivyo, na mama yako akaninyooshea kidole akicheka, kwa sababu alijua kwamba mimi sijawahi kucheza hata kwenye harusi yangu.

Wiki chache baadaye alibadilisha mawazo. Alikuwa amekonda hadi pete ikawa inatoka yenyewe. Aliniambia, "Baba Wambui, nipe simu niongee na mtoto." Nikamwambia tungoje kidogo, mtihani umekaribia. Kesho yake akaomba tena. Nikamwambia mtandao ni mbaya. Mara ya tatu hakuomba kuongea na wewe. Aliuliza tu simu yake iko wapi, nikamwambia imeharibika, nimeipeleka kwa fundi Bungoma. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeizima.

Wewe ulipopiga kwangu nilikuwa natoka hadi mahali pa kuanikia nguo, nakuambia amelala, anaendelea vizuri, soma. Siku moja ulisema, "Mwambie nampenda, baba." Nikarudi ndani na hata hilo sikumfikishia, kwa sababu ningelisema angejua umepiga, na angeomba tena.

Umewahi kuniuliza kwa nini sikumaliza shule, na siku zote nimekujibu kwamba karo ilikosekana. Si kweli. Nilikuwa kidato cha nne, nimekaa kwenye karatasi ya hisabati, mwalimu akaja akaniinamia na kuniambia nitoke. Baba yangu alikuwa amekufa asubuhi ile shambani. Nilitoka na kalamu mkononi na sikurudi tena. Hakuna aliyenizuia kurudi mwaka uliofuata. Mama yangu aliniuliza mara mbili, nikamwambia nitalima. Niliona aibu kukaa na watoto walionifuata nyuma. Kisha nikatafuta wa kulaumu, nikampata yule mwalimu. Nimemlaumu miaka yote hii. Nilijiapia kwamba mtoto wangu hatatolewa kwenye chumba cha mtihani na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Siku hizi namfikiria yule mwalimu kwa njia nyingine. Nilimzika baba yangu. Niliona jeneza likishuka, nikatupa udongo kwa mkono wangu. Hilo mwalimu alinipa. Wewe nilikunyima.

Kuna sababu nyingine, ndogo, na ninaionea aibu kuliko hiyo ya kwanza. Nilipenda kuwa baba wa msichana aliye Uhispania. Wateja wakija kununua mbegu waliniuliza, "Mtoto wa ng'ambo anaendeleaje?" Nilisimama wima nikijibu. Nilikuwa ninalinda mtihani wako, na nilikuwa ninalinda hilo pia.

Mama yako alikufa Jumatano alfajiri. Wewe ulikuwa umebakisha karatasi moja, ya Ijumaa.

Ndugu zake wakaanza kuuliza, Wambui anajua? Nikawaambia anajua. Nikawaambia analia sana, hawezi kusafiri, na ameomba aachwe peke yake, kwa hiyo wasimpigie na wasimwandikie. Binamu zako niliwaomba mmoja mmoja wasiweke chochote kwenye simu mpaka baada ya mazishi. Waliniheshimu. Uongo ule ulikaa vizuri kwa sababu watu wa kwa mama yako wana adabu mbele ya mfiwa.

Ijumaa ulimaliza. Nilijua saa yenyewe, nilikuwa nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani. Ningekupigia jioni ile. Sikuwa na mtihani tena wa kujificha nyuma yake. Nilikaa zizini na simu mkononi, nikafikiria sauti yako ikiuliza "tangu lini?", na nikaogopa. Hilo ndilo jina lake. Nilimwogopa mtoto wangu kwa sababu nilikuwa nimemkosea, na nikaamua kumkosea zaidi ili nisimsikie.

Jumamosi tukazika. Tulikata mistari kumi ya mahindi ili tupate mahali pa hema, mahindi yenyewe yalikuwa yamefika kichwani. Mvua ilinyesha wakati wa mahubiri. Watoto wa mtaa wa Kipsongo hapa Kitale aliowafundisha mama yako walikuja kwa miguu na wazazi wao, wakasimama nyuma kwa sababu viti viliisha, na wengine wao tayari ni watu wazima wenye watoto mgongoni. Watu wa Bungoma, wa kwa mama yako, hawakuondoka. Unajua tofauti ya kwao na kwetu. Sisi Wakikuyu tunazika tunakwenda nyumbani, wao hukaa na mfiwa. Jioni walikuwa bado wamekaa chini ya hema wanakula, ndipo Nanjala akafungua simu yake.

Najua ulichokuwa unafanya, kwa sababu uliniambia baadaye. Mtihani ulikuwa umeisha, mkapanda basi na wenzako hadi mji mwingine kwenye sherehe zao za fahali. Mlivaa nguo nyeupe na vitambaa vyekundu shingoni. Mlikula, mkaimba barabarani na watu msiowajua, mkaingia uwanjani. Mtu akakupiga picha. Uko juu kwenye viti vya mawe, mkono umeinuka, mdomo wazi kwa kicheko, na nyuma yako chini kuna mchanga wa manjano na fahali mweusi. Uliiweka mtandaoni, ukaandika chini yake, "Siku nzuri kuliko zote."

Nanjala alitazama, akampa aliye karibu. Simu ikapita mkono kwa mkono upande wa akina mama. Niliwaona wakiinama mmoja baada ya mwingine. Nilisikia nyanya yako akiuliza, "Huyu anayecheka ni nani?" Kisha Nanjala akasimama, akaja upande wetu wanaume, akaniwekea simu kwenye goti.

"Shemeji," akasema, "si ulituambia analia?"

Hema zima lilinitazama. Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema maneno machache tu: hajui, sikumwambia. Nikatazama ile picha, nikarudisha simu, nikasema, "Watoto wa siku hizi."

Maneno manne, Wambui. Nimeyahesabu mara nyingi. Nilikuuza kwa maneno manne, na watu wakatikisa vichwa wakanihurumia.

Sasa nikuambie kwa nini sikuweza kuitazama picha ile zaidi ya kidogo. Hujui vizuri tulivyokutana na mama yako. Nilikuwa nimeenda chuo cha wakulima cha Mabanga, kule Bungoma, kwa mafunzo ya wiki mbili ya ng'ombe wa maziwa. Yeye alifanya kazi jikoni pale, kabla hajawa mwalimu. Siku ya tatu akaniwekea ugali, akaniambia, "Wewe Mkikuyu, unajua ng'ombe wa kukamua peke yake. Jumamosi nitakupeleka uone ng'ombe mwanamume." Nikadhani ni mzaha. Jumamosi tukaenda upande wa Kakamega, tukafika uwanja uliojaa watu tangu asubuhi, na ngoma, na vijana wenye matawi mikononi. Kule fahali hupigana wenyewe kwa wenyewe, mtu hawaui. Walipogongana vichwa niliusikia mlio huo tumboni mwangu. Kisha mmoja akachoka, akageuka, akakimbia, na watu wote wakakimbia naye, wakaruka ua, wakaingia kwenye mahindi ya watu. Mama yako alikuwa mbele. Mimi nilibaki nimeshika mwavuli wake. Aliporudi alikuwa amepoteza kiatu kimoja, matope hadi gotini, kitambaa kimedondoka, anacheka mdomo wazi bila kujifunika kwa mkono.

Mimi nililelewa katika nyumba ambamo watu hawacheki hivyo. Nilimwoa kwa sababu ya kile kicheko. Na pale chini ya hema, saa chache baada ya kumfukia, mtu aliniwekea kicheko hichohicho kwenye goti. Ningewaambia watu, mtazameni mke wangu Nekesa. Badala yake nikasema nilichosema.

Nilikupigia Jumanne. Unayakumbuka mazungumzo yale kuliko mimi. Nilipokuambia tumezika hukulia. Uliuliza, "Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi saa ngapi, baba?"

Nikakuambia saa nane. Nikajua unahesabu. Saa nane ya kwetu, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa unaimba wimbo gani. Tangu siku hiyo sijui kama umeacha kuhesabu.

Ulikuja wiki mbili baadaye. Nikakupeleka Bungoma kuwaona watu wa mama yako, na sikukutayarisha kwa lolote. Nanjala alikuwa jikoni kwa nyanya yako. Ulipoinama kumkumbatia akarudi nyuma. "Mtu aliyecheza na ng'ombe siku ya kuzikwa mamake anakuja kulia saa hizi? Sisi tulimaliza kulia, bana. Lia na wale Wazungu wako."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Uligeuka ukanitazama. Ulikuwa umeshaelewa yote, nililiona usoni mwako, ulielewa kwamba wanadhani ulijua. Ungesema neno moja na ungekuwa umetoka kwenye shimo lile, na mimi ningekuwa nimeingia. Nilikusubiri useme. Nakuambia ukweli, sehemu yangu fulani ilitaka useme, ili nisilazimike kusema mimi.

Ukamgeukia. "Nisamehe, mama mdogo," ukasema.

Nikasema, "Tuache hayo mambo." Basi, hiyo ndiyo sauti yangu siku ile. Tuliporudi nyumbani Kitale ulikaa nyuma ya pikapu na magunia, ukasema ndani kuna joto. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kuna jioni moja tu tuliongea kama zamani, ulipokuja zizini nikikamua. Nilikuuliza kuhusu fahali. Sikujua nianzie wapi, na ng'ombe ndicho kitu ninachokijua. Ulinieleza vile anavyoingia akikimbia, vile wanaume wa farasi wanavyomchoma mabegani, vile yule wa mwisho anavyosimama karibu naye na kitambaa, miguu pamoja, bila kurudi nyuma. Ukasema, "Nilishangilia, baba. Siwezi kukudanganya. Alipopiga magoti nikaendelea kushangilia, kwa sababu kila mtu alikuwa anashangilia na nilikuwa na furaha. Halafu wakamvuta kwa kamba mchanga ukabaki na alama, na hata hapo nilikuwa bado na furaha. Tukaenda kucheza." Kisha ukaniambia kwamba tangu uliporudi huwezi kusikiliza muziki, ukiusikia dukani unatoka.

Nilimaliza kukamua, nikasema ng'ombe huyu amepunguza maziwa. Nisamehe kwa hilo. Jibu nilikuwa nalo, lilikwama.

Jibu ni hili. Kama ulipaswa kuhuzunika kwa ajili ya yule fahali, hilo ni kati yako na yeye, na mtu anayeweza kusema wazi alichofurahia nina imani naye. Lakini furaha ya siku ile hukuiiba kwa mtu yeyote. Hukucheza juu ya kaburi la mama yako. Ulicheza kwa sababu ulikuwa umemaliza mtihani, una miaka ishirini na mitatu, na kwa ulivyojua mama yako alikuwa Lugulu anakunywa uji. Ukiacha kucheza, utakuwa unalipia kosa langu kwa mwili wako. Sitaki ulilipie. Lina mwenyewe.

Nilichojifunza mimi ni kidogo kwa umri wangu. Nilidhani uongo mkubwa hutoka kwa watu wakubwa, wezi na wanasiasa. Huu wangu ulianza kwenye benchi la hospitali kwa kukuhurumia, na kila siku ulihitaji kitu kidogo tu kuuendeleza. Mtandao mbaya. Fundi wa simu. Anajua lakini analia. Hakuna siku hata moja niliyohisi ninafanya jambo baya sana. Kila siku nilihisi ninafanya kidogo tu zaidi ya jana. Ukijikuta siku moja huko unakoenda unatoka nje kupokea simu, jiulize unamficha nani.

Jana nilikuambia naenda kuchukua mbegu. Nilienda Bungoma. Nanjala alikuwa kwa nyanya yako anachambua maharagwe uani, mjomba wako Wafula akanipa kiti. Sikukaa. Kwa mila yao mimi na nyanya yako, mama mkwe wangu, hatukai pamoja, kwa hiyo yeye alikuwa ndani, mlango wazi, nikajua anasikia. Nikasema yote, tangu benchi.

Nanjala alisikiliza bila kuacha kuchambua. Kisha akauliza, "Na siku mtoto alikuja hapa, nikamwambia yale maneno, wewe ulikuwa umesimama mlangoni?"

"Nilikuwa."

"Na akaniomba msamaha."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakufunika wewe." Akaweka ungo chini. "Alikufunika wewe, na mimi nikamfukuza mtoto wa dada yangu jikoni."

Wafula alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Nyanya yako hakuniambia mimi kitu. Alimwambia Nanjala, kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida, "Muulize, Nekesa aliomba simu mara ngapi?"

"Mara tatu, mama," nikasema.

"Mwambie aende kwake," nyanya yako akamwambia Nanjala. "Asirudi hapa mpaka nimwite."

Sikupewa hata maji. Miaka yote niliyokwenda nyumba ile, sijawahi kutoka bila chai. Nilitembea hadi barabarani, na sitakudanganya kwamba nilihisi mzigo umeshuka. Nilihisi nimefiwa na mke wangu mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kukaa nami.

Limebaki moja, na hili hata Bungoma sikulisema, kwa sababu ni lako.

Jumatatu jioni, siku mbili kabla hajaondoka, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Sikuitoa. Mama yako alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Ni yeye."

Ikatetemeka mpaka ikaacha. Ulikuwa unapiga kutoka maktaba, uliniambia baadaye. Hatua moja ya mkono, Wambui, na mngesikiana. Mpaka leo sijui kwa nini mkono haukwenda. Nimetafuta sababu na nimezipata nyingi, hakuna inayotosha.

Akafungua macho, hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Akasema, "Sitakuomba tena. Lakini akija, mwambie nilimngoja. Usimwambie kwa njia ya kumlaumu. Mwambie tu, ili ajue alikuwa anangojwa."

Nimekaa na maneno hayo miezi miwili na hayakuwa yangu. Sasa nimeyafikisha.

Sikuombi urudi. Kadi yako ya kliniki ni yako, na mahali utakapoiweka ni pako. Ukiniandikia nitajibu siku hiyohiyo, na ukiniuliza kitu nitakuambia kilivyo. Usiponiandikia nitajua kwa nini.

Nasikia sauti za akina mama barabarani, nadhani wanakusindikiza. Jambo la mwisho. Jana nilipokuwa nasubiri gari, Nanjala alinifuata hadi barabarani. Hakunisalimu. Aliuliza unaondoka siku gani, saa ngapi, nikamwambia. Akasema atakuja kesho mapema kabla hujaondoka, na kwamba haji kwa ajili yangu. Hili nitakuambia kwa mdomo leo usiku: akibisha, fungua wewe. Mimi nitakuwa zizini, na sitaingia mpaka mniite.

Baba yako.